Hatua Elfu Arobaini za Fundi Kola

Fundi Kola alikuwa ameshalipita lango la kiwanda, amelipita duka la vipuri vya baiskeli, na sasa alikuwa ameegemea ukuta wa kinyozi, anapumua kama mtu aliyepandisha gunia ghorofani. Kutoka langoni hadi kwa kinyozi si mwendo wa kusimulia. Mwenye haraka zake hufika kabla hajamaliza kufunga vifungo vya shati. Yeye alikuwa ametumia robo saa. Kwapani amebana mkasi wake wa kazi, ameuviringishia kitambaa, pamoja na mto mwembamba aliokuwa akiukalia mbele ya cherehani kwa miaka kumi na tisa. Mengine aliyaacha huko huko. Asubuhi hiyo alikuwa ameacha kazi.

"Mama, unataka kunyolewa, au unaushikilia ukuta usianguke?" aliuliza kinyozi kutoka ndani.

"Nyoa wateja wako, mwanangu. Ukuta nauazima tu, nitaurudisha."

Hapo zikasikika mbio. Alikuwa Dada Afya, yule binti aliyeletwa kiwandani kusimamia afya za wafanyakazi, na suti yake ya mazoezi ya buluu, filimbi inarukaruka kifuani, na jozi ya raba mpya kabisa zinaning'inia shingoni kwa kamba zake. Alikuwa anamkimbiza Fundi Kola. Lakini kichwani mwake aliyekuwa anamkimbiza ni bingwa, na bingwa hawezi kuwa karibu; kwa hiyo akampita pale ukutani kama upepo, akaenda hadi njia panda, akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Dada!" kinyozi alimwita. "Kama unamtafuta mwenye mto, umemwacha nyuma!"

Dada Afya alirudi akihema. "Bingwa wangu! Nilidhani umeshafika kituo cha basi kitambo."

"Ningekuwa huko," alisema Fundi Kola, "ila mgongo umekataa kufuatana nami."

Binti akacheka, kama mtu anavyocheka mzaha wa mkubwa wake. Halafu akamtazama usoni, akaona hapakuwa na mzaha, na kicheko kikamfia mdomoni.

Ili mambo yaeleweke, ni lazima kurudi nyuma miezi mitatu.

Kiwanda hicho kilishona mashati ya sare. Umeme wake ulitosha taa na pasi, basi; cherehani zote zilikuwa za kukanyaga. Wanawake arobaini walikaa kwenye stuli zisizo na mgongo, meza fupi, miguu inakanyaga kutwa. Fundi Kola alishona kola. Kola ndiyo uso wa shati, na ncha za kola zake zilikuwa kali kiasi kwamba wapiga pasi walimtania kuwa siku moja zitamtoboa mtu shingo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika humo ndani. Hata wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye aliishi naye nyumba moja, alimwita Kola.

Siku moja makao makuu yakaamua kwamba wafanyakazi wawe na afya. Likaja agizo, na nyuma ya agizo akaja Dada Afya. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na nia safi, meno meupe na mabango kumi na mawili. Bango moja lilisema "Kunywa maji glasi nane kwa siku". Lilibandikwa mbele ya macho ya watu ambao kwenda msalani walihitaji ruhusa ya Bwana Kengele.

Bwana Kengele ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi. Alitembea katikati ya meza na kikengele cha mkononi, na mashine ikinyamaza, kengele ikalia. Waliokunywa glasi nane siku ya kwanza walijuta hadi jioni. Siku ya pili wakarudi kwenye nusu glasi yao.

Ikaja mizani. Iliwekwa mlangoni mwa chumba cha kulia, na uzito wa kila mtu ukabandikwa ukutani mbele ya wote. Mshona mikono ya mashati mmoja hakuingia kula kwa wiki nzima. Bwana Kengele mwenyewe siku ya kupimwa alipatwa na dharura stoo. Yakaja mazoezi ya kuvuta pumzi, yakakatwa kutoka kwenye saa ya chakula. Watu wakavuta pumzi na njaa zao. Kila Jumatano zikaja ndizi. Ndizi zilipendwa.

Mwisho vikaja vidude vya kuhesabu hatua. Kila mtu alipewa kimoja akifunge kiunoni, na jioni Dada Afya alisoma namba na kuzichora kwenye chati ndefu ya korido. Wabeba marobota wakawa juu, kwa wino wa kijani. Wakataji wakafuata. Washonaji wakawa chini, kwa wino mwekundu, na chini yao mlinzi peke yake, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa.

"Mimi mvivu?" Fundi Kola aliiambia chati. "Mimi?"

Wabeba marobota hawakuwaachia. "Shikamooni wazee wa kukaa," walisema wakipita. "Leo mmetoka stuli hii hadi ile?"

Basi kesho yake, kabla hajaanza kushona, Fundi Kola alikifungua kile kidude kiunoni, akakifunga kwenye kifundo cha mguu. Hakuona kwamba anaiba. Mguu wake ulikuwa unafanya kazi tangu asubuhi, na kidude hakiuoni. Yeye amekisogeza tu mahali penye kuona vizuri. Akakanyaga. Jioni Dada Afya alisoma namba, akakisugua kidude kwenye suruali, akasoma tena.

"Hatua elfu arobaini?"

"Nilikuwa najisikia vizuri," alisema Fundi Kola.

Jambo jema halifichiki. Ndani ya wiki ukumbi mzima ulikuwa umehamisha vidude miguuni, na washonaji wakapanda kwenye chati kama maziwa yanayochemka. Wabeba marobota walinyamaza. Dada Afya, ambaye aliingia ukumbini asubuhi na jioni tu na mchana kutwa alikuwa ofisini akijaza fomu, alichora ramani na kuonyesha kwamba washonaji kwa pamoja wamekwisha kutembea nchi nne. Akaandika ripoti. Makao makuu yakaipenda.

Nyumbani, wifi alipata mchezo wa kila jioni.

"Kola, leo umefika wapi?"

"Leo tumevuka mpaka wa tatu, wifi."

"Na hukupita dukani ukaniletea chumvi? Mtu anavuka nchi nzima anarudi mikono mitupu! Hebu inuka basi unisaidie hilo sufuria, bingwa."

Fundi Kola akainuka. Yaani alianza kuinuka. Alishika meza, akashika ukuta, akabaki katikati, amejikunja. Wifi akaacha kucheka.

"Tangu lini uko hivi?"

"Tangu stuli," alisema.

Mgongo ule haukuanza na Dada Afya, tusimsingizie. Ulikuwa na miaka yake. Lakini sasa ulikuwa umefika mahali ambapo akikaa hauinuki, akiinuka haukai. Na Fundi Kola hakuwa na hamu ya kupumzika maisha. Aliipenda kola. Alipenda ile dakika ya kuipindua, ncha inachomoza, imenyooka. Alichotaka ni kubaki kwenye kazi yake, na mwili utakaomfikisha nyumbani. Havikuwa vitu viwili vikubwa.

Kwa hiyo alikwenda kwa Bwana Kengele, siku moja kabla ya ile asubuhi ya kinyozi, akaomba kiti chenye mgongo na ruhusa ya kusimama kidogo kila baada ya muda.

Bwana Kengele alimtazama kwa mshangao wa kweli. Akampeleka mpaka korido, akamsimamisha mbele ya chati, akaweka kidole juu kabisa.

"Fundi, hili si jina lako? Elfu arobaini. Wewe ndiye mzima kuliko wote humu ndani. Kesho saa nne Mkurugenzi anakuja kukupa zawadi ya raba mpya. Halafu unaniomba kiti cha mgonjwa? Hao wa chini waniambie nini?"

Fundi Kola alipiga hesabu. Angesema nini? Akisema mguu ulikuwa unakanyaga tu, anawavua nguo wenzake wote mbele ya wabeba marobota, na yule binti wa watu anaumbuka mbele ya wakubwa wake. Akinyamaza, stuli ni ile ile. Shimo alikuwa amelichimba mwenyewe, na lilikuwa la kipimo chake. Alilala na jambo hilo, na asubuhi akafunga mkasi wake.

Haya yote alimsimulia Dada Afya pale pale kwa kinyozi, wameketi kwenye benchi la wateja, na kinyozi ananyoa upara ule ule mara ya pili ili asipitwe.

Dada Afya alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nchi nne..."

"Hatukutoka mlangoni, mwanangu."

"Na mimi nimewaandikia makao makuu." Akafunika uso kwa mikono. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini Mama, kwa nini hamkuniambia? Mimi ndiye mtu wa afya."

"Uliniuliza uzito wangu, ukaniuliza nimekunywa glasi ngapi. Hukuniuliza panauma wapi. Na ungeniuliza saa ngapi? Wewe unatupita mbio. Hata leo umenipita."

Kinyozi akakohoa. Dada Afya alizigusagusa zile raba shingoni.

"Kaa kwenye stuli yangu," alisema Fundi Kola. "Saa moja tu, kabla wageni hawajafika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukiinuka ukaniambia nirudi, nitarudi. Ukinyamaza, mimi basi langu linajulikana."

Walirudi kiwandani pamoja, binti amemshika mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuutembea mtaa ule kwa mwendo wa mshona kola. Walitumia dakika ishirini.

Ukumbi mzima uliinua vichwa Dada Afya alipoketi mbele ya cherehani. Bwana Kengele akaja haraka.

"Dada, hapo ni mahali pa kazi, si pa mazoezi."

"Nafanya kazi," alisema Dada Afya, akakanyaga. Uzi ukakatika. Akatungiwa, akakanyaga tena. Kola yake ya kwanza ilikuwa na ncha tatu.

"Hiyo ni ya mteja gani, mwenye shingo mbili?" aliuliza mshona mikono. Ukumbi ukacheka, kengele ikalia, wakacheka chini chini. Fundi Kola alisimama kando, kiwiko kimeegemea meza ya pasi, akimwelekeza: kanyaga kwa kisigino pia, usikikabe kitambaa, inama. Na hakukuwa na namna ya kutoinama, kwa kuwa meza ilikuwa imetengenezwa na mtu ambaye hakuwahi kuitumia.

Baada ya robo saa Dada Afya alinyoosha shingo. Baada ya nusu saa alianza kuhama tako hili kwenda lile. Ilipokaribia saa nne jasho lilikuwa linamtiririka, na mezani kuna kola sita ambazo hakuna mwanadamu angezivaa. Gari likasikika nje. Akataka kuinuka kwa haraka kuwapokea wageni. Kiuno kikainuka, kifua kikakataa. Mkurugenzi aliingia akamkuta mtu wake wa afya amejikunja katikati ya ukumbi kama anayetafuta sindano sakafuni.

Mkurugenzi alikuwa bwana mnene, mpole wa sauti. "Hili ni zoezi jipya?" aliuliza.

"Hapana, bwana," alisema Dada Afya akiwa bado amejikunja. "Hii ndiyo kazi yenyewe."

"Na bingwa wetu yuko wapi?"

Vichwa arobaini vikageukia meza ya pasi. Fundi Kola aliona jinsi binti anavyomtazama kwa kupindisha shingo, hawezi kunyooka. Midomo ya binti ikasema, bila sauti: rudi, tuwaambie. Basi Fundi Kola akaegemea, akakifungua kwa ncha ya mkasi kile kidude ambacho bado kilikuwa mguuni mwake, maana mkono haukufika, na mshona mikono akakiokota, akakifunga kwenye kifundo cha Dada Afya.

"Kanyaga, mwanangu."

Dada Afya aliketi tena, kwa shida, akakanyaga. Mkurugenzi aliinama kutazama. Namba zilikuwa zinapanda kama kuku wanavyodonoa. Mlio wa mkanda wa cherehani ulisikika hadi korido.

"Kwa hiyo hamkutembea," alisema Mkurugenzi taratibu.

"Tumetembea sana, bwana," alisema Fundi Kola. "Ila hatukufika popote. Na wa kulaumiwa ni mimi, niliyeanza. Hawa walinifuata."

"Muongo huyo!" mshona mikono aliropoka. "Nilifunga mwenyewe!"

"Na mimi!" mwingine akasema, na sauti zikaanza kugongana mpaka kengele ikalia, na safari hii hakuna aliyeijali.

Mkurugenzi hakukasirika, au kama alikasirika, hasira aliiweka mfukoni. Aliuliza kama anaweza kujaribu. Akaketi kwenye stuli, na stuli ikalalamika. Magoti yake yakagonga chini ya meza kwa kishindo cha mlango, na hapo akakwama, mbele hawezi, nyuma hawezi. Ilibidi wapiga pasi wawili wamvute. Hakuna aliyecheka, na juhudi ya kutocheka iliwatoa watu machozi.

Alipokuwa huru, alifuta paji la uso, akauliza, "Nani mwingine anaumia kwa kazi hii? Aseme tu."

Watu wanaoishi na kengele hawainui mikono ovyo. Halafu mkono mmoja ukainuka, polepole, na ulikuwa umeshika kikengele.

"Miguu yangu," alisema Bwana Kengele, akitazama dari. "Tangu mwaka juzi. Hawa wanakaa, mimi nasimama kutwa juu ya saruji. Jioni viatu havivuliki."

"Alaa!" alisema Fundi Kola. "Kumbe wewe unatamani stuli yangu, na mimi natamani sakafu yako, na miaka yote tunapigiana kengele?"

Safari hii walicheka wote, na Bwana Kengele akacheka mwishowe, kwa aibu, kama mtu aliyekutwa usingizini. Mikono ikaanza kuinuka: mabega, vidole, macho. Mpiga pasi mmoja alisema naye anasimama kutwa, angetoa chochote akae hata saa moja. Mshona mikono alisema yeye mwili hauna neno, anachotaka ni karatasi ya uzito wake iondolewe ukutani. Dada Afya aligeuza ile fomu yake ya ripoti upande mweupe, akaanza kuandika. Aliandika kwa kusimama, akiwa ameegemea dirisha, na aliandika hadi saa ya chakula.

Hakuna aliyetoa hotuba. Zile raba alipewa mbeba marobota aliyekuwa wa kwanza kabla vidude havijahamia miguuni. Zilikuwa ndogo, akampa mkewe.

Yaliyofuata hayakunyooka moja kwa moja. Seremala wa kiwanda aliinua meza kwa vigingi, na vya kwanza vilikuwa virefu mno, washonaji wafupi wakashona kidevu kikiwa mezani. Alivikata, meza zikacheza, akavikata tena. Viti vyenye mgongo vilikuja nane badala ya arobaini, vikawa vinatumiwa kwa zamu, na kulikuwa na ugomvi. Dawa iliyokubali haraka haikuwa ya seremala wala ya ofisini: kila baada ya saa mbili washonaji kumi walihamia meza ya pasi na wapiga pasi kumi wakakaa kushona mishono iliyonyooka. Jambo hilo lilitokana na ile karatasi ya Dada Afya, na kwenye karatasi lilikuwa neno la mpiga pasi. Mwezi wa kwanza mashati yalipungua, na makao makuu yaliandika barua. Mwezi wa pili yalirudi palepale, na yaliyoharibika yakawa machache. Barua hazikuja tena.

Mizani ilihamishwa kwenye chumba chenye mlango, ajipime atakaye. Sharti la kuomba ruhusa ya kwenda msalani lilifutwa. Mazoezi ya pumzi yaliondolewa kwenye saa ya chakula, yakawekwa ndani ya saa za kazi, na hayakuwa lazima. Siku ya kwanza walikuja watu watatu, baada ya wiki sita ishirini na mmoja. Ndizi ziliendelea.

Fundi Kola alipelekwa kwa daktari wa mifupa, akapewa mazoezi ya mgongo na mapumziko ya wiki tatu. Mgongo haukupona, ulipungua makali. Alishona kola kwa miaka mitano zaidi, nusu siku akikaa na nusu siku akisimama, kisha akastaafu kwa umri. Dada Afya alikaa kiwandani miaka miwili, asubuhi za Jumanne akifanya kazi ukumbini, halafu akahamishiwa kiwanda cha sabuni, ambako alianza kwa kuomba kazi ya kufungasha. Hakuwahi kushona kola ya kuvaliwa. Bwana Kengele alipewa kiti kirefu mwishoni mwa ukumbi. Miguu ilitulia, akaendelea kuwa msimamizi, na bado alikuwa mkali. Mkurugenzi aliacha kazi mwaka uliofuata kwa mambo mengine. Kinyozi alihamia mtaa wa pili. Wifi aliumwa goti, akafanyiwa upasuaji, na Fundi Kola ndiye aliyemsaidia kutembea.